Mupangaji Mubaya Anazaliwa Siku ya Garanti

Hapa Lubumbashi kuna vita moja ambayo redio haitangaze. Ni vita ya ndani ya lupango. Upande mumoja yuko mwenye nyumba, upande mwingine yuko mupangaji, ao lokatere kama tunavyosema kila siku. Katikati yao kuna robine moja, choo kimoja, mulango mumoja wa inje, na watoto wanaocheza pamoja bila kujua kwamba wazazi wao hawasalimiane tena.

Kila mara wakubwa wa avenyu wanapokaa pamoja, habari ni ile ile. Wenye nyumba wanalia: mupangaji halipe, mupangaji aliingia na bibi na watoto wawili, leo wako watu tisa, mupangaji anauzisha pombe ndani ya chumba, mupangaji anarudi saa sita ya usiku na kugonga mulango kama polisi. Kisha kila mutu anatoa dawa yake. Mumoja anasema: "Mukatie kuran." Mwingine: "Toa mulango na madirisha, atatoka yeye mwenyewe." Wa tatu anatikisa kichwa na kusema: "Hapana, sisi Waafrika hatufukuze mugeni, tuvumilie tu."

Sisi tunaoandika kurasa hizi ni walimu. Wengine kati yetu wako na nyumba, wengine tunapanga. Tunapinga dawa hizi zote tatu. Na tunapinga zaidi neno linalotumiwa kuzifunika, ni kusema neno "desturi". Watu wanatoa mulango wa mwenzao kwa jina la desturi, na watu wanakaa bure miezi nane kwa jina la desturi. Desturi yetu haikufundisha hiyo wala hii. Ubaya wa mupangaji, mara nyingi, haukuanza siku ile alipokosa kulipa. Ulianza siku ile alipoingia, wakati mwenye nyumba alipohesabu garanti na kuitia mufukoni.

Mupangaji si mugeni

Tuanze na mugeni, maana ni jina lake linaloharibu mazungumzo.

Kule mugini, mutu aliyetoka mbali hakujichukulia nafasi. Alifikia kwa mutu, na mutu yule alimupeleka kwa mukubwa wa mugini. Aliulizwa: umetoka wapi, unatafuta nini, umekuja kukaa ao kupita? Kisha alionyeshwa mahali pa kulala na, kama anakaa, mahali pa kulima. Yote hayo yalifanyika mbele ya macho ya watu. Mugeni alijua nani anamujibia, na mugini ulijua nani atajibia mugeni. Wote tunajua mezali inayosema mugeni ni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Tunaipenda sana siku mbili za kwanza, lakini tunasahau jembe. Jembe ni nini? Ni masharti. Ni kusema: sasa wewe si mugeni tena, wewe ni mukaaji, na mukaaji iko na kazi yake na mipaka yake.

Basi yule anayesema "hatufukuze mugeni" anasoma nusu ya mezali. Na zaidi ya hapo, mupangaji hakuwa mugeni hata siku moja. Mugeni halipe. Mupangaji analipa, na kwa sababu analipa iko na haki ambazo mugeni hana: haki ya kufunga mulango wake, haki ya kupika saa anayotaka, haki ya kutoulizwa kila siku "uko unatoka wapi?" Mugeni anakula kile anachopewa. Mupangaji anadai kile alicholipia. Mwenye nyumba anayetaka kupokea feza ya mupangaji na heshima ya mugeni kwa mara moja, anataka vitu viwili ambavyo haviingie katika mufuko mumoja.

Mwenye nyumba si changachanga

Tugeuke sasa upande wa pili, kwa wale wanaosema: "Kwangu ni kwangu. Lupango ni yangu, nafanya ninavyotaka."

Wazo hili nalo si la babu zetu. Tunalijua lilikotoka. Muji wetu ulianzishwa mwaka 1910 juu ya shaba, na tangu miaka ya 1920 Union Minière ilianza kukalisha wafanyakazi pamoja na bibi na watoto ndani ya kamp. Nyumba ilikuwa ya kompani. Posho ilikuwa ya kompani. Mukubwa wa kamp, yule wazee wetu walimwita changachanga, aliweza kuangalia nani analala ndani ya nyumba na nani hapana. Na mutu akipoteza kazi, alipoteza na nyumba. Wengi kati yetu tulizaliwa ndani ya nyumba za namna hiyo. Hatukujifunza kupanga na hatukujifunza kupangisha. Tulijifunza kwamba mwenye nyumba ni mukubwa na anayekaa ndani ni mutoto.

Kisha mambo yaligeuka. Gécamines ilianguka, mishahara ilikauka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walitoka katika ile operasyo ya depa volontere. Mutu aliyefanya kazi miaka 25 ao 30 alijikuta na feza kidogo mukononi, na watoto wa kusomesha. Alifanya nini? Ndani ya lupango alipanga matofali, akasimamisha vyumba viwili nyuma ya nyumba, akavipangisha. Hakuna haya ndani yake. Wajane wengi, pansione wengi, na hata walimu wengi wanakula kwa sababu ya vyumba vile viwili. Wakati huohuo, kanuni ya mine ya mwaka 2002 ilifungua mulango kwa kompani nyingi, na watu wakaja kutoka pande zote kutafuta kazi. Chumba kikawa mali. Feza ya nyumba ikahesabiwa kwa dola, hata kwa mutu anayelipwa kwa franga.

Ndivyo wafanyakazi wa zamani walivyogeuka kuwa wenye nyumba bila mutu kuwafundisha. Wakashika mufano mumoja tu waliouona: changachanga. Anahesabu wageni wa mupangaji. Anafunga mayi. Anatuma mutoto wake aseme: "Papa anasema muzime mziki." Lakini changachanga, hata kama alikuwa mukali, hakukuomba miezi sita ya mushahara siku ya kuingia.

Garanti iliyoliwa

Hapa ndipo penye fundo, na tunaomba musomaji ahesabu pamoja nasi.

Tuseme chumba na salo ni dola 60 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi sita. Hiyo ni dola 360. Mupangaji anakopa kwa mandugu, anauzisha televizyo, analeta feza. Jioni ileile feza imekwisha kupata kazi: mabati, minerval ya mutoto wa université, deni ya duka. Hakuna hata dola 10 inayobaki. Mwezi wa nne ugomvi unaanza. Mwenye nyumba anasema: "Toka kwangu!" Mupangaji anajibu kwa utulivu kabisa: "Nipe garanti yangu nitoke."

Na hapo, wandugu, ni nani mwenye nyumba? Karatasi ya lupango inasema ni huyu. Lakini dola 360 zinasema ni yule.

Kinachofuata tunakijua wote. Mwenye nyumba anatafuta mupangaji mupya ili garanti ya mupya irudishe garanti ya mukubwa. Mupya analipa, anakuja na vitu vyake juu ya pusupusu, anakuta mukubwa hajatoka kwa sababu hajapewa hata kuta. Kwa sasa wako watu watatu wanaopigana juu ya chumba kimoja. Ao mupangaji, akiona kwamba garanti yake haitarudi hata siku moja, anakata shauri ya kuikula: anakaa miezi sita bila kulipa. Avenyu nzima inasema "ule lokatere ni mubaya." Lakini yeye anakula nini? Anakula feza yake mwenyewe, ambayo mutu mwingine alikwisha kuikula mbele yake.

Hatusemi kwamba wapangaji wote ni malaika. Kuna wale wanaohama usiku na kuacha deni, wanaoingiza kijana wa kaka, na rafiki wa kijana, na bibi wa rafiki. Kuna wale wanaopangisha chumba ambacho wao wenyewe wamepanga. Kuna wale wanaowasha mbabula ndani ya chumba kilichofungwa mpaka moshi unajaa kwa jirani. Watu wa namna hiyo wako, na mwenye nyumba iko na haki ya kuwaondoa. Lakini tunasema hivi: mwenye nyumba aliyekula garanti hawezi kumuondoa hata yule aliye mubaya kabisa. Amefunga mikono yake mwenyewe. Kwa sababu mikono imefungwa, anatafuta njia ya giza: kuran, mulango, mafumbo, na mwisho neno "mulozi".

Sheria ya inchi imekwisha kuona jambo hilo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wengi wanaijua na wanacheka. Wanasema: "Sheria ni ya Kinshasa, huku tuko na yetu." Tunawajibu: sheria hiyo haikuandikwa kwa kumusaidia mupangaji peke yake. Inakusaidia weye mwenye nyumba. Dola 180 unaweza kuzitafuta na kuzirudisha. Dola 360 huwezi. Mutu anayeweza kurudisha garanti leo jioni ndiye mwenye nyumba kweli.

Watu watasema: "Garanti ikiwa kidogo, mupangaji atakimbia na deni." Tunauliza: na ilipokuwa kubwa, hakukimbia? Garanti kubwa haimuzuie mutu mubaya. Inamuzuia fukara mwema, yule aliye na mushahara kidogo lakini analipa kila mwezi, na inamwingiza yule aliye na feza ya siku moja. Ukitaka kujua mutu, usihesabu feza yake. Uliza alikotoka, kama wazee walivyouliza. Nenda kwa mwenye nyumba wa zamani umusikilize.

Mulango uliotolewa

Kuna jambo ambalo sisi walimu tunaliona, na ambalo mwenye nyumba halioni wakati hasira imemushika.

Mutoto anafika darasani saa moja na nusu, macho mekundu, kayé imelowa mvua. Hana homa. Nyumbani kwao mulango ulitolewa jana, na usiku mvua ya mwezi wa kwanza iliingia. Mutoto mwingine, mwana wa mwenye nyumba, anakaa benchi ileile na hamutazame. Wote wawili wanajua. Tunaandika ubaoni, lakini hakuna anayesoma. Mulango ule ulitolewa kwa kumupiga baba, lakini aliyelala inje ni mutoto wa miaka 13 ambaye hakutia sahihi kontra yoyote.

Na tuseme wazi: kutoa mulango, kukata mayi, kuita polisi rafiki ili amutie mutu ndani siku mbili, hiyo si haki ya mwenye nyumba. Kumutoa mutu kwa nguvu ni kazi ya tribinali, baada ya hukumu. Mwenye nyumba anayetumia mikono yake mwenyewe anaweza kuwa na haki juu ya deni na kuipoteza juu ya mulango.

Kuna silaha nyingine iliyo mubaya kuliko zote. Ni wakati ugomvi wa mutu mumoja unageuzwa kuwa ugomvi wa kabila lake. "Hawa watu wa kwao ndivyo walivyo." "Warudi kwao." Ndani ya Katanga yetu maneno hayo si mchezo. Mwaka 1992 kule Likasi, na mwaka 1993 kule Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, ni kusema wadudu, na maelfu kwa maelfu walifukuzwa ndani ya nyumba zao. Wengi walilala gare wakingoja treni, na wengine walifia pale. Kati yao walikuwa watu waliozaliwa hapa, waliofundisha watoto wetu na kuimba nasi ndani ya korali. Politike ilifanya nini? Ilisema muji mzima ni lupango, na kwamba majirani wetu ni wapangaji wabaya. Kwa hiyo mutu anayesimama leo katikati ya lupango na kutukana kabila la mupangaji wake kwa sababu ya dola 60, ajue anacheza na kiberiti gani. Deni iko na jina la mutu mumoja, haina kabila.

Jembe la siku ya tatu

Basi tufanye nini na mupangaji musumbufu? Tunatoa shauri, na tunalitoa kwa wenye nyumba kwanza, maana wao ndio wanaofungua mulango.

Siku ya kuingia, semeni yote kwa kinywa na kwa karatasi. Watu wangapi watalala ndani? Nani analipa kuran, na kwa hesabu gani? Choo kinasafishwa na nani, siku gani? Mulango wa inje unafungwa saa ngapi? Mutu akitaka kutoka, ao mukitaka atoke, anapewa miezi mingapi? Andikeni kontra mbili, moja kwa kila mutu. Muite jirani mumoja kila upande awe shahidi. Tembeeni pamoja ndani ya chumba, muandike kioo kilichovunjika na ukuta uliopasuka, kusudi siku ya kutoka musibishane. Hiyo ndiyo ile kazi ya kumupeleka mugeni kwa mukubwa wa mugini. Imebadilika sura tu.

Garanti isipite miezi mitatu, na isiliwe. Kama huwezi kuiacha bila kuigusa, omba mwezi mumoja, utalala vizuri zaidi.

Kila mwezi feza inapolipwa, iandikwe ndani ya kayé, na wote wawili watie sahihi. Mutu anayesema "tunaaminiana, kayé ya nini?" ndiye wa kwanza atakayesahau.

Shida ikianza, neno la kwanza ni la watu wawili, muchana, bila watoto kusikia. Usitume mutoto. Usiimbe mafumbo kwenye robine. Sema: "Baba fulani, mwezi wa pili umepita, tulipatana hivi, kuna nini?" Mara nyingi kuna kitu: mushahara haukufika, mutoto yuko hospitali. Mupeane siku, na siku hiyo iandikwe. Neno la pili ni mbele ya wale mashahidi wawili, pamoja na mutu mukubwa wa avenyu. Mupangaji musumbufu haogope kelele ya mwenye nyumba, amezoea. Lakini anaogopa kusikilizwa na watu wanaomuheshimu. Neno la tatu ni preavi ya maandishi, na pembeni yake garanti iko tayari. Asipotoka, nendeni kwenye biro ya habita ya komini, ambako wote wawili watasikilizwa. Ikishindikana hapo, ndipo tribinali.

Watu watasema njia hii ni ndefu. Ni kweli. Lakini tumeona vita vya kuran na milango vikichukua mwaka muzima, na mwisho wake mupangaji bado yuko ndani, chumba kimeharibika, na majirani wamegawanyika.

Kwa mupangaji nasi tuko na neno. Anayekupangisha chumba si adui, na mara nyingi si tajiri. Ile feza yako ni bunga ya mujane. Usipoweza kulipa, sema mbele ya tarehe, si nyuma yake. Ukiongeza watu, uliza kwanza. Na kama kweli garanti yako imeliwa, dai kwa karatasi na mbele ya mashahidi, usiikule kwa kujificha, maana mutu anayejificha anapoteza na haki aliyokuwa nayo.

Mwisho tunaomba kitu kimoja kwa memba wa chama chetu. Tunaandika sana juu ya ndoa za zamani, ngoma na majina ya mababu, na ni vizuri. Lakini desturi ya kumupokea mutu aliyetoka inje, kumuuliza, kumupa masharti na kumupa shahidi, inakufa ndani ya malupango yetu tukiwa tunaitazama. Kila avenyu ichague wakubwa wawili, mwanaume na mwanamuke, watakaokuwa mashahidi wa kontra za nyumba bila kuomba hata franga. Sisi walimu tuko tayari kuandika. Na wale wenye nyumba waliokwisha kukula garanti, waanze mwezi huu kuweka dola kumi kumi pembeni, mbele ya kununua bati lingine.